Mitishamba ya Kichina kwa tezi ya shingo inayoshambuliwa na kinga ya mwili: namna ya kuitumia bila kujiumiza

Shingo ikivimba, huku Mtwara na Lindi watu husema ni goita, yaani rovu, na dawa inayotajwa kwanza ni madini joto. Mara nyingi hawakosei. Pwani yetu ina mashamba yake ya chumvi, na chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni si ajabu ikawa haijatiwa madini joto. Lakini lipo rovu jingine, ambalo madini joto ya ziada hulizidisha: lile linalotokana na kinga ya mwili kuishambulia tezi ya thairoidi. Kwa macho na kwa kugusa, marovu haya mawili yanaweza kufanana kabisa. Damu tu ndiyo huyatenganisha.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu dawa za Kichina zinazosifika zaidi kwa rovu zimejengwa juu ya mwani. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alielekeza mwani uloweke kwenye pombe, mgonjwa anywe kidogo kidogo. Mwaka 1617 Chen Shigong aliandika mchanganyiko uitwao Haizao Yuhu Tang, wenye aina tatu za mwani ndani yake, na mpaka leo unauzwa. Wagonjwa wa zama hizo, hasa wa milimani mbali na bahari, walikosa madini joto bila mtu yeyote kujua kuwa kuna kitu cha namna hiyo, na mwani uliwaponya kweli. Kumpa mchanganyiko uleule mtu mwenye ugonjwa wa Hashimoto (kinga huishambulia tezi mpaka ikalegea) au wa Graves (kinga huichochea ifanye kazi kupita kiasi) ni kumpa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Hatua ya kwanza: jua ni rovu gani

Omba vipimo vitatu: TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi), T4 huru (homoni inayotolewa na tezi yenyewe), na kingamwili dhidi ya TPO (kimeng'enya cha tezi). Ukiwa na moyo wa kwenda mbio, mikono inayotetemeka au macho yaliyotokeza, ongeza kingamwili dhidi ya kipokezi cha TSH, kinachoandikwa TRAb. Hospitali za rufaa za mikoa, yaani Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, au hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao, ndizo za kuanzia. Uliza mapema kama maabara inapima yenyewe au inatuma sampuli nje, maana ikitumwa utasubiri, na usianze mitishamba yoyote wakati unasubiri.

TSH ya kawaida kwa mtu mzima ni kati ya 0.4 na 4.0 hivi, maabara huandika kiwango chake pembeni ya jibu, fuata hicho. TSH ikiwa juu na T4 iko chini, tezi imelegea. Kingamwili za TPO zikiwa nyingi pamoja na hayo, ni Hashimoto. TSH ikikaribia sifuri na T4 ikawa juu, tezi inafanya kazi kupita kiasi; TRAb ikionekana, ni Graves. Kingamwili zisipokuwepo na rovu lipo, rudi kwenye chumvi unayotumia nyumbani kabla ya kutafuta dawa ya mbali.

Jambo moja huharibu majibu bila mtu kujua: vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini. Dozi ya miligramu 5 au 10 inaweza kuifanya TSH ionekane ya chini na T4 ya juu ilhali mwili hauna tatizo hilo. Viache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu.

Hatua ya pili: dawa ya hospitali itangulie

Hapa hatuna maneno mawili. Hakuna mmea wa Kichina, wala wa kwetu, unaotengeneza homoni ya thairoidi. TSH ikizidi 10, au T4 ikiwa chini ya kiwango, mtu anahitaji levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi ya kidonge. Dozi kamili ni takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 huishia karibu na maikrogramu 100. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa 12.5 hadi 25 na kupandishwa taratibu. Homoni hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake hubaki baada ya wiki nzima, na hiki ndicho chanzo cha kosa kubwa kuliko yote: mgonjwa anaacha kidonge, anaanza chai ya mitishamba, anajisikia vizuri wiki mbili za mwanzo, anatangaza amepona. Aliyekuwa akimbeba ni kidonge cha zamani. Mwezi wa pili unapofika, uchovu, baridi na uvimbe wa uso vimerudi.

Kwa Graves, kabimazoli, dawa ya kupunguza kasi ya tezi, huanza kwa miligramu 15 hadi 40 kwa siku, kisha hupunguzwa, na kwa kawaida hunywewa miezi 12 hadi 18. Mwaka 2007 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walichambua tafiti 13 za mitishamba ya Kichina kwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Mitishamba ilipoongezwa juu ya dawa za kawaida, kulikuwa na dalili ya nafuu, lakini tafiti zote zilikuwa za ubora hafifu na hapakupatikana mchanganyiko hata mmoja wa kupendekezwa kwa uhakika. Kwa hiyo nafasi ya mitishamba hii ni ya msaidizi: kwa aliyekwisha kutulia kwa dawa ya hospitali lakini bado hapati usingizi, tumbo ni gumu au nguvu hazijarudi, au kwa yule ambaye TSH yake iko kati ya 4 na 10, T4 ni ya kawaida, na daktari amekubali kungoja na kupima tena.

Mjamzito, anayetafuta mimba na anayenyonyesha asitumie kabisa. Mimba yenyewe huongeza hitaji la levothairoksini kwa robo hivi, kwa hiyo kimbilia kliniki mapema dozi irekebishwe, na mitishamba ibaki kabatini.

Hatua ya tatu: mtu wa kukuandikia

Tabibu wa Kichina anayejua kazi hakuuzii "dawa ya goita" iliyofungwa tayari. Atatazama ulimi, atashika mapigo mikono yote miwili, atauliza usingizi, choo, hedhi na jasho, ndipo aandike. Kwa mtazamo wao, Graves mara nyingi ni moto wa ini na upungufu wa yin (nguvu ya kupoza) ya moyo. Hashimoto iliyokomaa ni udhaifu wa yang (nguvu ya kupasha joto) ya wengu na figo. Si lazima ukubaliane na maelezo hayo. Muhimu ni kuwa watu wawili wenye rovu wanaweza kuandikiwa vitu tofauti kabisa, na anayempa kila mtu pakiti ileile hafuati hata tiba ya Kichina yenyewe.

Mwombe akuonyeshe usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dawa iliyofungwa kiwandani iwe na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kisha omba karatasi yenye jina la kila mmea na gramu zake. Akikataa kwa kusema ni siri ya dawa, ondoka. Karatasi hiyo ndiyo daktari wa zamu atakayoihitaji siku ukifikishwa hospitali usiku ukiwa na macho ya manjano.

Hatua ya nne: kagua karatasi, mmea kwa mmea

Anza na mwani. Haizao (海藻) ni Sargassum. Kunbu (昆布) na haidai (海带) ni mwani mpana wa maji baridi. Gramu moja ya kunbu kavu inaweza kuwa na zaidi ya maikrogramu 1,000 za iodini, yaani madini joto, na mtu mzima anahitaji 150 kwa siku. Dozi ya kawaida kwenye mchanganyiko ni gramu 6 hadi 12. Piga hesabu. Kwa Hashimoto wingi huo hulegeza tezi zaidi. Kwa Graves unaweza kulipua moto upya, na ukiwa umepangiwa tiba ya iodini ya mionzi, tezi iliyoshiba mwani haitaipokea dawa ipasavyo. Ukiona mojawapo ya majina hayo matatu na kingamwili zako zipo, rudisha karatasi.

Wapo wanaochukua mwani ufukweni, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, wakaukausha na kuusaga wenyewe. Mwani mwekundu unaolimwa kwa kamba hauna iodini nyingi kama kunbu, lakini ule wa kahawia unaotupwa na mawimbi ni jamii ya haizao, na hakuna anayejua kiasi kilichomo kwenye kijiko chake. Usifanye hivyo.

Huangyaozi (黄药子) ni wa hatari zaidi kwa ini. Ni kiazi cha mmea utambaao, Dioscorea bulbifera, ule unaozaa viazi vya hewani vinavyoning'inia kwenye mashina. Wachina wameutumia kwa rovu kwa karne nyingi, na umeharibu maini ya watu wengi. Sumu yake inaitwa diosbulbini. Sisi wa kusini tunakula ming'oko, ambayo nayo ni Dioscorea, kwa hiyo mtu anaweza kuona kiazi hiki ni cha ukoo anaoufahamu. Ukoo ni mmoja, tabia ni mbalimbali. Ming'oko ni chakula. Huangyaozi usiitumie hata kidogo.

Leigongteng (雷公藤) kweli hutuliza kinga ya mwili, na ndiyo maana huandikwa kwa magonjwa ya aina hii, hasa macho ya Graves. Lakini hukata hedhi, hupunguza mbegu za kiume, huumiza ini na figo, na hushusha chembe nyeupe za damu. Kabimazoli nayo, mara chache, hushusha chembe nyeupe. Kuvichanganya viwili hivi bila vipimo vya damu vya mara kwa mara ni kucheza na uhai.

Mahuang (麻黄) huongeza mapigo ya moyo. Mwenye Graves asiiguse. Fuzi (附子), ambayo huandikwa kwa Hashimoto yenye baridi nyingi, ni sumu ya moyo isipochemshwa peke yake kwanza kwa dakika 30 hadi 60. Ganzi ya midomo na ulimi ni ishara kuwa haikuiva. Zhusha (朱砂) ni madini ya zebaki. Iangalie hasa kwenye vidonge vya Tianwang Buxin Dan vinavyotolewa kwa moyo kudunda na kukosa usingizi, kwa kuwa vya mtindo wa zamani vilipakwa zhusha juu. Gancao (甘草), ile mizizi mitamu, iko karibu kila pakiti. Kwa gramu chache na siku chache haina neno, ila ikinywewa miezi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Tena jadi ya Kichina yenyewe inaitaja gancao na haizao miongoni mwa jozi 18 zisizopatana. Zimewekwa pamoja kwenye Haizao Yuhu Tang kwa makusudi, na wasomi wao wamebishana juu yake tangu hapo.

Mimea unayoweza kuikuta bila kushtuka ni kama xiakucao gramu 9 hadi 15, xuanshen 9 hadi 15, baishao 6 hadi 15, chaihu 3 hadi 10, huangqi 9 hadi 30, zhebeimu 5 hadi 10. Gramu hizi ni za kukagulia, si za kujiandikia. Ukiona chaihu gramu 30, uliza kwa nini. Danggui na danshen huongeza nguvu ya wafarini, kwa hiyo anayetumia dawa ya kuyeyusha damu aseme mapema.

Vidonge na kapsuli visivyo na orodha ya vilivyomo tunashauri uviache moja kwa moja. Dawa za mitishamba zilizochanganywa kwa siri na steroidi au na homoni yenyewe ya thairoidi zimewahi kukamatwa nchi nyingi. Dalili ya steroidi ni nafuu ya ajabu ndani ya siku chache, kisha uso unakuwa wa mviringo, sukari na presha zinapanda. Dalili ya homoni iliyofichwa ni TSH kushuka kuelekea sifuri bila daktari kuongeza dozi.

Hatua ya tano: kuchemsha

Tumia chungu cha udongo kisichowahi kupikiwa mboga za mafuta, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria za alumini, shaba na chuma cha kawaida hazifai. Tanini za mimea hushikana na madini na dawa inageuka nyeusi. Usioshe mimea kwa kusugua. Loweka kwa maji baridi nusu saa, maji yapite juu ya mimea kwa vidole viwili; kwa pakiti ya gramu 80 hadi 100 ni karibu lita moja.

Ukiona muli, yaani magamba ya chaza, au biejia, gamba la kobe, vitangulie kuchemka peke yake dakika 20 hadi 30. Hayo ni magumu, na ukiyatia pamoja na majani yatakuwa hayajatoa kitu wakati majani yameungua. Kisha tia vingine. Moto mkali mpaka uchemke, halafu punguza mkaa ubaki wa kuchemsha polepole dakika 20 hadi 30, mfuniko ukiwa juu. Bohe, ambayo ni nanaa ya Kichina, huingia dakika 5 za mwisho, la sivyo harufu yote hupaa. Chuja kwa kitambaa safi. Ongeza maji nusu lita, chemsha tena dakika 15 hadi 20, chuja, changanya na ya kwanza. Upate kama mililita 400, nusu asubuhi, nusu jioni.

Ikiungua chini, mwaga. Usiongeze maji kuiokoa. Kwa joto la Lindi dawa iliyobaki nje ya friji haifiki kesho. Ikianza kutoa povu au uchachu, imeharibika. Mimea mikavu nayo huota ukungu kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili. Weka kwenye kopo la kufunga kwa nguvu, nunua ya wiki mbili tu, na yenye vumbi jeupe usiianike ukadhani imepona: sumu ya ukungu haitoki kwa jua.

Hatua ya sita: saa za kunywa

Levothairoksini inywewe saa 12 asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, na chakula kingoje dakika 30 hadi 60. Mitishamba ya kwanza isiwe kabla ya saa 4 asubuhi. Ya pili saa 2 usiku. Hayo masaa manne ni ya lazima hasa pakiti ikiwa na muli, kwa kuwa gamba la chaza ni chokaa, na chokaa huikamata homoni tumboni isiingie damuni. Vivyo hivyo vidonge vya kuongeza damu, maziwa, na uji wa lishe wenye soya. Mama anayekunywa kidonge chake na uji huo kila asubuhi ataongezewa dozi bure, kumbe tatizo ni bakuli.

Mwezi wa Ramadhani, amka nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku unywe kidonge kwanza. Mitishamba, kama ni lazima, iwe baada ya futari na kabla ya kulala.

Kidonge chenyewe kiwe kwenye pakiti yake, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Joto na unyevu wa pwani hukidhoofisha bila kubadili rangi.

Hatua ya saba: daftari na vipimo

Kabla ya pakiti ya kwanza pima ALT na AST za ini, krietinini ya figo, potasiamu, na presha. Rudia ini na potasiamu baada ya wiki 2 hadi 4. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Ukiipima mapema zaidi haisemi kweli. Nyumbani hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono dakika nzima kabla hujainuka kitandani, uandike pamoja na uzito wa wiki. Mapigo yakipanda kutoka 70 hadi 95 kwa wiki mbili mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki.

Na mwambie daktari unachokunywa. Wengi huficha wakiogopa kufokewa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Asipoambiwa, ataongeza au kupunguza dozi kwa kubahatisha.

Chakula hakihitaji mabadiliko makubwa. Endelea na chumvi yenye madini joto kwa kiasi cha kawaida hata kama una Hashimoto, kwa sababu upungufu nao hudhuru. Muhogo mchungu ulowekwe siku 3 hadi 5 na kuanikwa vizuri kabla ya kusagwa, kwani sianidi yake mwilini hugeuka kuwa kitu kinachozuia tezi kuchukua iodini, na madhara yake huwa makubwa kwa mtu ambaye tayari ana upungufu. Samaki kula. Mwenye macho ya Graves aache sigara leo.

Lini uache na uende hospitali

Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kuwashwa mwili mzima au kichefuchefu kisichokwisha: acha mitishamba siku hiyohiyo, nenda na karatasi pamoja na mabaki ya pakiti. ALT ikizidi mara 3 ya kikomo cha juu, acha hata kama hujisikii kuumwa.

Homa na koo kuuma kwa anayetumia kabimazoli, hasa miezi 3 ya mwanzo, ni jambo la saa. Huku kwetu homa yoyote hupewa jina la malaria, mtu akanunua dawa ya mseto duka la dawa akalala. Pima malaria, ndiyo, lakini siku hiyohiyo idai picha kamili ya damu, na simamisha kabimazoli mpaka jibu litoke. Hata kipimo cha malaria kikisoma ipo, chembe nyeupe zihesabiwe.

Mapigo yakivuka 130 mtu ametulia, pamoja na homa, kutapika au kuchanganyikiwa, huo ni mlipuko wa tezi, asingoje asubuhi. Upande wa pili, mwenye tezi iliyolegea akiwa wa baridi mwili mzima, mzito kuamka na anapumua polepole, apelekwe vilevile. Miguu ikilegea ghafla kwa mwenye Graves aliyekuwa akinywa gancao, waambie wapime potasiamu kwanza.